Kukodi, Kubahatisha na Kurithi: Namna Vifaa vya Redio vya Mtandao Vinavyojipatia Anwani za IP

IKISIRI

Makala haya yanaeleza namna vifaa vya redio vilivyounganishwa katika mtandao wa kompyuta vinavyopata anwani za IP bila fundi kuziandika kwa mkono. Njia tatu zinachambuliwa: kukodi anwani kutoka kwa seva, kujichagulia anwani kwa kubahatisha, na kurithi anwani kutokana na nambari ambayo kifaa tayari kinayo. Uzito zaidi umewekwa katika njia ya tatu, kwa kutumia mfano wa mtandao wa AREDN wa wanaredio wa ridhaa na mfano wa redio za MOTOTRBO, kwa kuwa njia hiyo imetokana na mazingira ya redio yenyewe. Inadaiwa kwamba wajibu wa kuhakikisha upekee wa anwani hautoweki katika njia yoyote kati ya hizo. Huhamia mahali pengine, na mara nyingi mahali ambapo fundi hakuzoea kutazama.

1.0 Utangulizi

Redio ya mawasiliano ya kizazi kilichopita ilihitaji mambo mawili ili isikike: masafa na umeme. Redio ya leo inahitaji na jambo la tatu. Ripita iliyo kilimani huunganishwa na chumba cha mwongozaji kwa kiungo cha IP. Redio ya mkononi hutuma mahali ilipo kama pakiti ya data. Kipokezi cha redio inayotegemea programu hupeleka mawimbi yaliyogeuzwa kuwa tarakimu kwenye kompyuta iliyo chumba cha pili au mji wa pili. Kila kimoja kati ya hivi ni lazima kiwe na anwani, na anwani hiyo ni lazima iwe ya kwake peke yake ndani ya mtandao husika.

Anwani ikikosekana, redio haitoi moshi wala mlio wa hitilafu. Taa zake zinaendelea kuwaka, lakini kwa mtandao haipo. Anwani moja ikibebwa na redio mbili, athari huwa mbaya kuliko ukimya: ujumbe uliokusudiwa gari moja la wagonjwa unaweza kupokelewa na jingine, na ramani ya mwongozaji ikaonyesha gari mahali lisipo. Kwa sababu hiyo suala la ugawaji wa anwani, ambalo katika ofisi ya kawaida ni la kero tu, katika mitandao ya redio huwa suala la usalama wa watu.

2.0 Kukodi anwani kutoka kwa seva

Njia iliyoenea kuliko zote ni itifaki ya DHCP, iliyofafanuliwa katika waraka wa RFC 2131 wa mwaka 1997. Kabla yake kulikuwa na RARP ya mwaka 1984 na BOOTP ya mwaka 1985, ambazo zilimlazimu msimamizi kuandika mapema orodha ya vifaa vyote. DHCP iliongeza dhana ya kukodi. Kifaa kinachowashwa hutangaza kwa wote kwamba kinahitaji anwani, seva hujibu kwa pendekezo, kifaa huomba rasmi anwani iliyopendekezwa, seva huthibitisha. Mazungumzo haya hupita katika milango ya UDP 67 na 68. Anwani hutolewa kwa muda maalumu, na nusu ya muda huo ikipita kifaa huanza kuomba kuongezewa kwa seva ile ile. Ikishindikana, baada ya asilimia 87.5 ya muda kupita, kifaa huomba kwa seva yoyote itakayosikia. Kwa mkataba wa saa 8, kwa hiyo, ombi la kwanza hutoka saa ya 4 na ombi la wazi kwa wote hutoka saa ya 7.

Katika jengo lenye nyaya utaratibu huu hausumbui. Katika kituo cha redio kilicho mlimani, ambako seva mara nyingi huwa upande wa pili wa kiungo, mambo hubadilika. Kiungo kikikatika kwa muda unaozidi mkataba, kifaa hutakiwa na itifaki kuacha mara moja kutumia anwani yake. Ina maana kwamba ripita na kidhibiti chake, vilivyo ndani ya kabati moja na vyenye waya mzima kati yao, vinaweza kupoteza uwezo wa kuzungumza kwa sababu ya antena iliyopinda kilomita arobaini kutoka hapo. Hitilafu ya kiungo cha mbali inageuzwa kuwa hitilafu ya kituo kizima, na hilo hufanyika kwa kufuata kanuni barabara.

Tatizo la pili ni mpangilio wa kuamka. Umeme unaporudi baada ya kukatika, redio ndogo huweza kuwaka kwa sekunde chache ilhali ruta inayobeba seva ya DHCP ikihitaji dakika moja au mbili. Redio huuliza, haijibiwi, na kinachofuata kinategemea programu iliyomo ndani yake: nyingine huendelea kuuliza kwa vipindi, nyingine huangukia kwenye anwani ya kubahatisha inayoelezwa katika sehemu ya 3.0, nyingine hubaki hapo hapo hadi izimwe na kuwashwa tena. Fundi anayepanda mlima kwa ajili ya kubonyeza swichi moja ndiye anayelipa gharama ya tofauti hiyo ndogo ya uandishi wa programu.

Lipo pia suala la kubadilisha kifaa. Mafundi wengi hukwepa anwani zinazohamahama kwa kuifunga anwani kwenye nambari ya kiwandani ya kifaa, yaani anwani ya MAC. Hilo hufanya kazi hadi siku redio inapoungua na nyingine kuwekwa mahali pake: redio mpya ina nambari mpya, seva haiitambui, na programu ya mwongozaji inaendelea kuitafuta ile iliyokufa. Ufumbuzi mzuri zaidi upo tangu mwaka 2001 katika waraka wa RFC 3046, ambao unairuhusu swichi iliyo kituoni kubandika kwenye ombi la kifaa taarifa ya tundu ambalo ombi limetokea. Seva inaweza hapo kugawa anwani kwa mahali badala ya kwa kifaa. Redio yoyote itakayochomekwa katika tundu la tatu la mnara fulani hupata anwani ya tundu la tatu la mnara huo. Kwa vifaa vya redio, ambavyo maana yake hutokana na mahali vilipofungwa na antena vinayoitumia, huu ndio mgawo wenye mantiki, na inashangaza kwamba hautumiki zaidi.

3.0 Kujichagulia kwa kubahatisha

Pale seva isipokuwepo kabisa, waraka wa RFC 3927 wa mwaka 2005 unakiruhusu kifaa kujichagulia anwani katika fungu la 169.254.0.0. Zikiondolewa anwani 256 za mwanzo na 256 za mwisho zilizohifadhiwa, hubaki 65,024. Kifaa huchagua mojawapo kwa namna ya bahati nasibu inayoanzia kwenye nambari yake ya kiwandani, ili kila kinapowashwa kielekee kuchagua anwani ile ile. Kisha huuliza mara tatu, kwa vipindi vya kati ya sekunde 1 na 2, iwapo kuna mwenye anwani hiyo. Kikikosa jibu hujitangaza mara mbili na kuanza kazi.

Njia hii inafaa sana pale redio moja inapounganishwa kwa waya moja kwa moja na kompyuta moja. Hakuna seva, hakuna ruta, na bado viwili hivyo huonana. Vipokezi vingi vya redio inayotegemea programu huitegemea kama kimbilio la mwisho, na mtumiaji anayeona anwani inayoanza na 169.254 anapaswa kuisoma kama taarifa: kifaa ni kizima, kiliuliza, hakikujibiwa.

Inapopelekwa kwenye mawimbi, hata hivyo, dhana yake ya msingi hutikisika. Utaratibu mzima unachukulia kwamba ukimya ni ushahidi wa kutokuwepo. Katika waya dhana hiyo ni ya kuaminika. Hewani, ukimya unaweza kuwa na maana kwamba swali halikufika au jibu limepotea. Katika mitandao ya Wi-Fi isiyo na kituo kikuu, ujumbe unaotangazwa kwa wote haupewi stakabadhi ya kupokelewa, kwa hiyo ukipotea haurudiwi. Ikichukuliwa kwamba kila ujumbe una uwezekano wa 0.2 wa kupotea, swali moja na jibu lake vitafanikiwa kwa uwezekano wa 0.8 × 0.8, yaani 0.64. Maswali matatu yote kushindwa ni 0.36 ikizidishwa mara tatu kwa yenyewe, takribani 0.047. Mgongano uliopo utakosa kugunduliwa karibu mara moja katika kila mara ishirini na moja. Kwa kuwa mgongano wenyewe ni nadra katika mtandao mdogo, hesabu hii peke yake haitoshi kuikataa njia hii.

Sababu ya kuikataa ni nyingine, nayo ni nyepesi kueleza: ruta haziruhusiwi kupitisha pakiti za fungu hili. Redio yenye anwani ya 169.254 haiwezi kufikiwa kutoka nje ya sehemu yake ya mtandao, na mtandao wa redio wenye kilima zaidi ya kimoja karibu siku zote una ruta katikati.

4.0 Kurithi anwani kutokana na utambulisho

Njia ya tatu haiulizi wala haibahatishi. Kifaa hukokotoa anwani yake kutokana na nambari ambayo tayari kinayo, na kila kifaa kingine kinachoijua nambari hiyo kinaweza kukokotoa jibu lile lile bila kuwasiliana nacho. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo inayoipa njia hii thamani yake hewani.

Redio za kidijitali za MOTOTRBO za kampuni ya Motorola ni mfano ulio wazi. Zinafuata kiwango cha DMR cha taasisi ya ETSI, ambamo kila redio ina nambari ya utambulisho ya biti 24. Anwani ya IPv4 ina biti 32. Tofauti ni biti 8, na biti hizo hujazwa kwa nambari ya mtandao ambayo kiwandani huwekwa kuwa 12. Redio nambari 1 huwa 12.0.0.1. Redio nambari 1001 huwa 12.0.3.233, kwa kuwa 1001 ni 3 mara 256 na kubakiwa na 233. Redio nambari 70000 huwa 12.1.17.112. Seva ya ujumbe au ya ramani haihitaji kuiuliza redio chochote; ikijua nambari, inajua anwani.

Sababu ya kutotumia DHCP hapa hudhihirika ikipigiwa hesabu. Chaneli ya DMR ya upana wa kilohezi 12.5 imegawanywa katika nafasi mbili za wakati, na kila nafasi hurudi baada ya milisekunde 60. Kwa mfumo wa ulinzi wa nusu, kila zamu hubeba baiti 12 za data. Ujumbe mmoja wa DHCP, pamoja na vichwa vyake, una takribani baiti 300, hivyo huhitaji zamu 25, yaani sekunde 1.5. Ujumbe wa aina nne hufanya sekunde 6 kwa kila redio, bila kuhesabu marudio wala muda wa kusubiri. Redio 200 zikiwashwa wakati wa kubadilishana zamu, nafasi hiyo itashikwa kwa sekunde 1,200, ambazo ni dakika 20 za kugawana anwani kabla ya mtu yeyote kutuma neno. Anwani ya kurithi hugharimu sekunde sifuri.

Gharama imejificha kwingine. Kwanza, upekee wa anwani sasa unategemea upekee wa nambari ya redio, na nambari hiyo huandikwa na mtu. Fundi anayenakili mipangilio ya redio moja kwenda katika redio ishirini, kisha akasahau kubadilisha nambari katika mojawapo, ametengeneza anwani pacha bila kugusa ukurasa wowote unaotaja neno IP. Kwa sauti kosa hilo halionekani kwa urahisi: redio zote mbili husikia kundi lao na huzungumza. Ni katika data ndipo linapojitokeza, pale alama moja kwenye ramani inaporuka kutoka mtaa mmoja hadi mwingine kila ripoti inapoingia. Mwongozaji asiyeijua asili ya jambo hilo huilaumu setilaiti.

Pili, fungu la anwani zinazoanza na 12 si fungu la binafsi. Mafungu ya matumizi ya ndani ni yale yaliyotajwa katika waraka wa RFC 1918, likiwemo la 10.0.0.0, fungu la 12.0.0.0 liligawiwa kampuni ya AT&T ya Marekani. Maadamu mtandao wa redio umefungwa hakuna shida. Seva ya mwongozaji ikiunganishwa pia na intaneti, lazima iwe na njia iliyoandikwa wazi kwamba pakiti za 12 zielekezwe kwenye redio. Njia hiyo ikifutika, pakiti zenye mahali yalipo magari zitafuata njia ya kawaida na kutoka kwenda intaneti. Nambari hiyo ya mtandao inaweza kubadilishwa katika programu ya upangaji, ilimradi ibadilishwe katika redio zote na katika seva. Na hapo ndipo wengi hukata tamaa.

Mfano wa pili ni AREDN, mtandao wa data wa wanaredio wa ridhaa ulioanzia Marekani kwa ajili ya mawasiliano ya dharura. Mtangulizi wake ulikuwa programu iliyopandikizwa katika ruta ya nyumbani ya Linksys WRT54G. Wanaredio wa ridhaa tayari walikuwa na fungu lao la anwani, la 44.0.0.0, lililopatikana mwaka 1981, ambamo anwani hugawiwa kwa maombi yanayoshughulikiwa na watu. Robo ya fungu hilo iliuzwa kwa Amazon mwaka 2019. Utaratibu wa maombi unafaa kwa kituo cha kudumu. Haufai kwa kituo kinachosimamishwa juu ya gari usiku wa mafuriko, wakati intaneti yenyewe ya kupelekea maombi haipo.

AREDN ilichagua kurithi. Baiti tatu za mwisho za nambari ya kiwandani ya redio ya kifaa hutanguliwa na 10. Kifaa ambacho nambari yake inaishia na 5E:1B:C7 katika mfumo wa heksadesimali hujiita 10.94.27.199. Kikitolewa kwenye boksi, kikawekewa programu na kupandishwa juu ya mlingoti, jirani zake hukitambua bila mratibu. Jina linalosomeka na watu, ambalo huanza na alama ya kituo ya mwenye leseni, husambazwa pamoja na taarifa za njia, kwa kuwa anwani yenyewe haimtaji mwenye kifaa.

Nambari ya kiwandani ina baiti sita, na tatu za mwanzo, zinazomtambulisha mtengenezaji, zimetupwa. Vifaa vyenye kiambishi kimoja cha mtengenezaji haviwezi kugongana. Vyenye viambishi tofauti vinaweza. Ikichukuliwa kwamba baiti zilizobaki zimetawanyika bila mpangilio katika nafasi 16,777,216, mtandao wa vifaa 500 una uwezekano wa takribani asilimia 0.74 wa kuwa na angalau jozi moja yenye anwani moja. Kwa vifaa 5,000 uwezekano hupanda hadi zaidi ya asilimia 52. Ongezeko hilo la kasi hutokana na ukweli kwamba jozi huongezeka kwa mraba wa idadi ya vifaa. Waliozoea tatizo la siku za kuzaliwa watalitambua mara moja.

Hesabu hiyo inahusu anwani ya upande wa redio tu. Kila kifaa cha AREDN hugawa pia, kwa DHCP, anwani kwa kompyuta, simu na kamera zilizochomekwa kwake, na kwa mpangilio wa kawaida hutoa nafasi tano. Nafasi tano, ya ruta yenyewe, na mbili zinazohifadhiwa na kanuni za IP hufanya nane. Ndani ya fungu la 10.0.0.0 vijifungu vya anwani nane ni 2,097,152. Vitambulisho milioni 16.7 haviwezi kuingia katika vijifungu milioni 2.1 bila vinane kushiriki kijifungu kimoja kwa wastani. Kwa kutumia dhana ile ile ya mtawanyiko, mtandao wa vifaa 500 una uwezekano wa karibu asilimia 5.8 wa mgongano katika upande huu, na uwezekano hufikia nusu kwa nusu pale vifaa vinapokaribia 1,700. Kwa hiyo udhaifu wa mfumo uko katika waya wa mgeni aliyechomeka simu yake, na si katika kiungo cha redio ambacho macho yote yanakitazama.

Ikumbukwe pia kwamba mgongano huo haujitokezi siku kifaa kinapofungwa. Mitandao miwili ya miji jirani inaweza kukua kwa miaka kila mmoja ukiwa safi, kisha siku kiungo cha kilele kwa kilele kinapounganisha miji hiyo, anwani pacha zikakutana. Hakuna kifaa kilichobadilishwa, hakuna mtu aliyekosea. Kila ruta hupeleka pakiti kwa pacha aliye karibu nayo, hivyo walio mji wa kwanza huona mtandao mzima na walio mji wa pili vilevile. Wanaolalamika ni wale tu wanaojaribu kuvuka. Aina hii ya hitilafu huchukua muda mrefu kugunduliwa kwa sababu kila fundi akijaribu akiwa nyumbani kwake hufaulu. Marekebisho yenyewe ni mepesi, kwa kuwa programu inamruhusu mwenye kifaa kuandika anwani nyingine kwa mkono.

5.0 Urithi usiokatwa

Ufinyu uliojadiliwa katika sehemu ya 4.0 ni wa IPv4. Katika IPv6 sehemu ya anwani inayomtambulisha mwenye kifaa ina biti 64, na nambari ya kiwandani ya biti 48 huingia yote: katikati yake hupachikwa biti 16 maalumu, biti moja hugeuzwa, na hakuna kinachotupwa. Utaratibu wa kifaa kujitengenezea anwani umeelezwa katika waraka wa RFC 4862 wa mwaka 2007, na kwa vifaa vyenye nambari halali za kiwandani mgongano wa aina ya AREDN haupo.

Kinachobaki ni kwamba anwani inayobeba utambulisho mzima huutangaza popote inapokwenda. Anayenasa pakiti anaweza kumjua mtengenezaji, na anaweza kukifuatilia kifaa kile kile kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. Waraka wa RFC 7217 wa mwaka 2014 ulipendekeza anwani inayokokotolewa kwa ufunguo wa siri, iliyo thabiti ndani ya mtandao mmoja na tofauti katika mwingine. Kwa mwanaredio wa ridhaa, ambaye masharti ya leseni yanamtaka atangaze alama yake ya kituo hewani, ulinzi huo hauna uzito mkubwa. Kwa redio ya askari wa doria una uzito, lakini ukikubaliwa unaondoa sifa ile ile iliyoifanya njia ya kurithi ichaguliwe: seva ya mwongozaji haiwezi tena kukokotoa anwani ya redio kutokana na nambari yake pekee. Italazimika kupewa ufunguo wa kila redio, au kuiuliza kila redio hewani kwa zamu za baiti 12.